Ruta Nafuu kwa Nyumba za Kismayo na Visiwa vya Wabajuni

Ruta ni kisanduku kinachopokea intaneti kwa njia moja na kuigawia vifaa vyote vya nyumbani: simu, kompyuta, televisheni, hata kamera ya mlangoni. Upande mmoja imeungana na kampuni ya mawasiliano, kwa waya, kwa laini ya simu au kwa dishi la setilaiti. Upande wa pili inarusha mawimbi ya redio ya masafa mafupi, ndiyo waifai, ambayo kila simu iliyomo ndani huyadaka. Ruta haizalishi intaneti, kama vile bomba lisivyozalisha maji. Nyumba inayopata megabiti 5 kwa sekunde haitapata ya sita hata ikinunua ruta ya ghali kuliko zote sokoni.

Kwa sababu hiyo unafuu wa ruta haupimwi kwa bei ya dukani peke yake. Ruta nafuu ni ile inayolingana na mambo matatu: intaneti inayofika nyumbani, kuta za nyumba yenyewe, na umeme uliopo. Iliyo dhaifu kuliko hayo huudhi watu kila siku, na iliyozidi ni fedha iliyotupwa. Katika pwani ya Kismayo, na katika visiwa vya Wabajuni vinavyopangana kusini yake kuelekea Ras Kamboni na mpaka wa Kenya, mambo hayo matatu yana sura yake, tofauti na ile inayodhaniwa na matangazo yaliyochapishwa juu ya maboksi.

Njia ambazo intaneti hufika

Somalia ilichelewa kupata mkonga wa baharini. Wakati Mombasa ilipounganishwa mwaka 2009, miji ya Somalia kusini ilikuwa bado inategemea setilaiti. Mkonga wa EASSy ulianza kuihudumia Mogadishu karibu na mwaka 2014. Juni 2017 meli ya makontena iitwayo MSC Alice iliukata, na sehemu kubwa ya Somalia kusini na kati ikakaa zaidi ya wiki tatu bila intaneti ya kutegemewa. Aprili 2025 serikali ilitoa leseni kwa Starlink, huduma ya setilaiti zinazozunguka karibu na dunia. Kwa hiyo leo njia ni kadhaa, na karibu kila moja inataka ruta ya aina yake.

Njia ya kwanza ni waya, wa faiba au wa kawaida, unaoingizwa nyumbani na kampuni. Hii ni njia ya mjini. Mara nyingi kampuni huleta kisanduku chake chenye waifai ndani, na hapo familia haihitaji kununua kitu kingine mpaka itakapothibitika kwamba mawimbi hayafiki vyumba vyote. Kununua ruta ya pili kabla ya kulipima hilo ni kosa linalotokea mara kwa mara. Ikiwa kisanduku cha kampuni hakina waifai, inayotakiwa ni ruta ya kawaida yenye tundu la kupokelea waya, ambalo kwa kawaida limeandikwa WAN na kupewa rangi yake. Ruta hii ndiyo ya bei ya chini kuliko zote.

Njia ya pili ni laini ya simu. Ruta ya aina hii ina kitundu cha laini, na inazungumza na mnara kama simu inavyozungumza nao. Ndiyo inayofaa nyumba nyingi ambazo waya haujafika. Bei yake iko juu kuliko ya ruta ya waya, kwa kuwa ndani yake mna vifaa viwili: modemu ya 4G na kigawaji cha waifai. Mfano unaojulikana sana Afrika Mashariki ni Huawei B311, yenye 4G ya daraja la nne, yaani uwezo wa kupokea megabiti 150 kwa sekunde mtandao ukiwa mzuri kabisa. Ziko pia ruta ndogo za mfukoni zenye betri, ambazo hazidaki mawimbi ya mbali vizuri kama zile za mezani, lakini zinamfaa mtu anayesafiri kati ya kisiwa na mji.

Njia ya tatu haihitaji ruta kabisa. Simu yoyote ya kisasa inaweza kuigawia intaneti yake simu nyingine. Simu ya zamani iliyopasuka kioo, yenye betri inayoshika chaji, ikitiwa laini ya data na kuwekwa juu ya rafu karibu na dirisha, inawatosha watu wanne au watano. Ina kasoro zake: hupata joto, betri huchakaa upesi, na mawimbi yake hayaendi mbali. Lakini gharama yake ni sifuri, na kwa nyumba ya vyumba viwili ni busara kuanzia hapo kabla ya kutoa fedha.

Njia ya nne ni setilaiti. Seti ya Starlink huja na ruta yake, kwa hiyo swali la kununua nyingine halipo mwanzoni. Faida yake kwa kisiwa ni wazi: haihitaji mnara wala waya, inahitaji anga isiyozibwa. Mzigo wake ni bei ya kuanzia, ada ya kila mwezi, na umeme, jambo litakaloelezwa mbele. Kwa familia moja ya wavuvi ni mzigo mkubwa. Kwa shule, zahanati, au nyumba kadhaa zilizokubaliana kuchangia, hesabu inabadilika.

Funzo la mwaka 2017 nalo lisisahauliwe. Njia mbili zinazotoka katika mkonga mmoja hukatika pamoja, kwa hiyo laini mbili za kampuni mbili si kinga ikiwa zote zinakunywa kisima kimoja. Mwenye kazi isiyoweza kusimama, kama muuzaji anayeagiza mali nje au mwanafunzi anayefanya mitihani mtandaoni, atafute ruta inayokubali waya na laini pamoja, ili njia moja ikifa ahamie nyingine, na aulize kila kampuni intaneti yake inatoka wapi.

Kupima kabla ya kununua

Anayetaka ruta ya laini aanze na simu, asianze na duka. Simu yenye 4G itiwe laini ya kampuni anayoikusudia, kisha ipelekwe kila pembe ya nyumba: chumbani, barazani, uani, darini ikiwezekana. Herufi zilizo juu ya kioo zitasema kama ni 4G, 3G au 2G. Kipimo cha kasi kifanywe asubuhi, adhuhuri na baada ya isha, kwa kuwa mnara mmoja huhudumia mtaa mzima na wakati wa usiku watu wote wanakuwa mtandaoni. Ikiwa laini ya kampuni moja inatoa 2G tu na ya nyingine inatoa 4G, uamuzi umekwisha kufanyika. Ikiwa hakuna sehemu yenye zaidi ya 2G, ruta ya 4G iliyonunuliwa kwa fedha nyingi itakuwa pambo.

Visiwani kipimo hiki kina uzito zaidi. Mawimbi ya simu husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Mnara wa mita 30 uliosimama pwani unaona kama kilomita 22 za bahari kabla upeo haujauficha. Simu iliyoshikwa mkononi, mita moja na nusu kutoka ardhini, huongeza kama kilomita 5. Antena iliyopandishwa mita 6 juu ya mlingoti huongeza kama 10. Tofauti hiyo ya kilomita 5 inatokana na mlingoti peke yake. Visiwa kama Koyama, Chovai na Chula ni vya matumbawe, na ardhi yake haikuinuka sana, kwa hiyo urefu wa mlingoti ndio unaochukua nafasi ya kilima. Zaidi ya hapo kuna mpaka mwingine: mtandao wa 2G wa kawaida hauhudumii simu iliyo mbali zaidi ya kilomita 35 hata kama mawimbi yanafika, kwa sababu ya namna muda wa kila simu ulivyopangwa ndani ya mnara.

Kwa hiyo nyumba ya kisiwani iliyo pembezoni mwa mtandao itafute moja ya vitu viwili. Cha kwanza ni ruta ya laini yenye matundu ya antena za nje, ambazo zinaweza kutundikwa juu na kuelekezwa kwenye mnara. Waya wa antena uwe mfupi, kwa kuwa kila mita hula sehemu ya mawimbi, na waya mrefu mwembamba unaweza kumaliza faida yote ya mlingoti. Cha pili, kilicho bora zaidi, ni ruta ya nje: kisanduku kisichopitisha maji chenye modemu na antena pamoja, kinachofungwa juu kabisa ya mlingoti na kuteremsha waya mmoja wa mtandao. Waya huo hubeba data na umeme kwa pamoja, na unaweza kufika mita 100 bila data kupotea. Ndani ya nyumba inabaki ruta ndogo ya bei ndogo ya kugawa waifai.

Kusoma boksi

Boksi la ruta limejaa tarakimu, na nyingi zimewekwa ili kuvutia macho. Ya kwanza kutazamwa ni kizazi cha waifai. Ruta iliyoandikwa 802.11n, au Wi-Fi 4, ni ya kiwango kilichopitishwa mwaka 2009. 802.11ac, au Wi-Fi 5, ilifuata miaka michache baadaye, kisha ikaja 802.11ax, au Wi-Fi 6. Simu mpya hufanya kazi na ruta ya zamani na simu ya zamani hufanya kazi na ruta mpya. Zinakutana kwenye kiwango cha ile iliyo nyuma.

Ya pili ni bendi. Ruta ya bendi moja hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Ya bendi mbili huongeza gigahezi 5. Bendi ya 2.4 husafiri mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, ila ina njia tatu tu zisizogongana, yaani chaneli ya 1, ya 6 na ya 11, na mtaa ukijaa ruta husongamana. Bendi ya 5 ina nafasi nyingi na kasi kubwa, lakini ukuta mnene huizuia mapema. Katika majengo ya Kismayo yaliyobanana, ambako simu huona majina ya waifai kumi au zaidi, bendi mbili zina thamani ya nyongeza ya bei. Kisiwani, ambako ruta ya jirani iko mbali au haipo, bendi moja ya 2.4 inatosha kabisa.

Ya tatu ni ile namba kubwa. Ruta ikiitwa AC1200 haina maana kwamba itatoa megabiti 1,200. Mtengenezaji amejumlisha megabiti 300 za bendi ya 2.4 na 867 za bendi ya 5, akapandisha kidogo hesabu. Hakuna simu inayotumia bendi zote mbili kwa jumla hiyo, na katika nyumba halisi hata nusu ya kila namba ni nadra kufikiwa. Namba ya kuangaliwa ni mahitaji ya watu wa nyumba. Filamu ya ubora wa juu huhitaji kama megabiti 5 kwa sekunde, maongezi ya video kwa WhatsApp huhitaji megabiti moja au mbili, sauti peke yake huhitaji kidogo mno. Nyumba ambamo mama anaongea kwa video na mwanawe aliye Mombasa, baba anasikiliza habari, na watoto wawili wanatazama masomo, haitumii zaidi ya megabiti 15 kwa wakati mmoja. Ruta ya bendi moja iliyoandikwa megabiti 300, kama TP-Link TL-WR840N, inabeba kazi hiyo bila shida ikiwa intaneti yenyewe ipo.

Ya nne ni matundu ya waya. Ruta za bei ndogo zina matundu ya megabiti 100, na za juu zina ya gigabiti. Asiyelipia zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde hana haja ya kulipia gigabiti. Idadi ya antena nayo isimdanganye mtu: antena nne zilizosimama kama mikuki hazisemi lolote mpaka boksi lieleze kila moja inafanya kazi gani.

Kwa ruta ya laini kuna la tano, nalo ndilo huwaangusha wengi. Kila kampuni ya simu hutumia bendi zake za 4G, na si kila ruta inazipokea zote. Ruta iliyotengenezwa kwa soko la Amerika au Japani inaweza kuwa mpya kabisa na bado isiuone mnara wa Kismayo. Zaidi ya hayo, ruta nyingi zinazopita mkono kwa mkono kutoka Mombasa, Nairobi au Dubai zilifungwa na kampuni iliyoziuza mara ya kwanza zisikubali laini nyingine. Njia ya uhakika ni moja: mnunuzi aende dukani na laini yake, aitie ndani ya ruta ileile anayoinunua, na asitoe fedha mpaka simu yake ifungue ukurasa kupitia waifai ya ruta hiyo.

Kuta, makuti na mabati

Nyumba za pwani hii hazifanani, na kila moja huyapokea mawimbi kwa namna yake. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ni mnene na mara nyingi hushika unyevu, na maji ni adui mkubwa wa waifai. Mawimbi ya gigahezi 5 huweza kufa katika ukuta mmoja wa aina hii, na yale ya 2.4 hufika chumba cha pili yakiwa hoi. Ukuta wa matofali ya saruji huyapunguza pia, hasa ukiwa na nondo ndani. Ukuta wa fito na udongo hauna neno, na paa la makuti makavu huyapitisha karibu yote. Mabati huyarudisha nyuma kama kioo kinavyorudisha nuru. Nyumba iliyoezekwa na kuzungushiwa mabati inaweza kuwa na waifai nzuri ndani na isipate hata chembe ya mawimbi ya mnara kutoka nje.

Hapo ndipo mahali pa kuweka ruta panapofanya kazi kubwa kuliko bei yake. Ruta ya laini ikae pale simu ilipoonyesha mawimbi mazuri zaidi wakati wa kupima, kwa kawaida karibu na dirisha lililoelekea mnarani, juu, si sakafuni. Ruta ya waya ikae katikati ya nyumba, mahali palipo wazi, na milango ya vyumba ifungukie upande wake, kwa kuwa mlango wa mbao hupitisha mawimbi ambayo ukuta wa mawe hauyapitishi. Isiwekwe nyuma ya televisheni, ndani ya kabati, karibu na friji, pipa la maji au kioo kikubwa. Katika nyumba yenye ua wa kati, ruta iliyotundikwa kwenye ukumbi unaoutazama ua huvifikia vyumba vinavyouzunguka kupitia milango na madirisha yao, badala ya kupasua kuta.

Mawimbi yasipofika chumba cha mwisho, dawa si kununua ruta yenye nguvu zaidi, kwa kuwa simu nayo lazima ijibu, na sauti ya simu ni ndogo vilevile. Dawa ni kuvuta waya wa mtandao mpaka chumba hicho na kuunganisha hapo ruta ya pili ndogo, hata ya zamani. Vile vifaa vya kurudufisha waifai bila waya ni rahisi kufunga, lakini vingi hupunguza kasi karibu nusu, kwa kuwa hewa ileile hutumika kupokea na kutuma.

Umeme

Umeme wa Kismayo huuzwa na kampuni binafsi, na Somalia imekuwa miongoni mwa nchi ambazo umeme ni ghali sana duniani. Visiwani tegemeo ni sola, betri na jenereta. Kwa hiyo wati za ruta ni sehemu ya bei yake.

Ruta ya kawaida ya 4G hula kama wati 8. Ikiwaka saa 24 kwa siku, mwezi mzima hutumia karibu yuniti 6. Nyumba inayolipa, tuseme, senti 40 za dola kwa yuniti, itatoa chini ya dola mbili na nusu kwa mwezi. Seti ya kawaida ya Starlink hula wati 75 hadi 100, mara kumi ya hapo, na ile ndogo iitwayo Mini hula wati 25 hadi 40. Mwenye umeme wa sola anayefikiria setilaiti lazima ahesabu paneli na betri pamoja na dishi, vinginevyo atajikuta na dishi linalolala giza likiingia.

Kwa ruta ya wati 8, betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 20 ina wati-saa 240, na ili idumu isitumiwe zaidi ya nusu. Nusu hiyo inatoa saa 15. Ruta ikizimwa saa sita za usiku watu wamelala, inabaki saa 18, ambazo nyingi ni za mchana paneli ikichaji. Paneli ya wati 60 inatosha kazi hiyo na kubakisha chaji ya simu na taa. Jambo la kuepuka ni kuiwasha ruta kwa inveta: inveta yenyewe inaweza kula umeme sawa na ruta. Ruta nyingi hutumia volti 12 au 9 au 5, na zinaweza kulishwa kutoka betri bila inveta. Ila betri ya volti 12 inayochajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi, hivyo kati yake na ruta pawekwe kidhibiti cha volti cha bei ndogo. Mwenye umeme wa mjini unaokatika anaweza kununua betri ndogo maalumu ya ruta, inayoishikilia kwa saa kadhaa.

Adapta ya awali ya ruta itunzwe. Ikiharibika, mpya iwe na volti zilezile na ampea zisizopungua za awali. Ruta nyingi zilizodaiwa kufa zinateswa tu na adapta dhaifu iliyobadilishwa sokoni.

Bando na funguo

Ruta ya laini ina tabia moja inayowashtua wanunuzi wapya: bando lililodumu wiki katika simu huisha kwa siku mbili. Sababu si wizi. Simu zikiona waifai huamini kwamba intaneti haina kikomo, basi hupakua masasisho ya programu, huhifadhi picha zote mtandaoni, na hucheza video kwa ubora wa juu. Kila simu ya nyumbani iingizwe kwenye mipangilio ya waifai hiyo na kuambiwa kwamba ni mtandao unaopimwa, kisha masasisho na uhifadhi wa picha vizuiwe. Hatua hiyo ya dakika chache huokoa fedha kuliko tofauti yoyote ya bei kati ya ruta mbili.

Lingine ni namna ya kununua bando. Katika Somalia watu wengi hulipa kwa simu, hasa kwa EVC Plus ya Hormuud iliyoanza mwaka 2011, kwa kupiga namba fupi. Laini iliyomo ndani ya ruta haipigi namba kwa urahisi. Kabla ya kuifungia humo, mwenye laini ahakikishe kwamba anaweza kuinunulia bando kutoka simu nyingine, au kwamba ukurasa wa mipangilio wa ruta una sehemu ya kupigia namba hizo. Laini yenye akiba ya fedha isiwekwe kabisa ndani ya ruta ambayo wageni huishika.

Usalama hauongezi bei. Ruta inayofaa iwe na ulinzi wa WPA2, uliokuja mwaka 2004, au WPA3 wa mwaka 2018. Ile inayojua ulinzi wa zamani wa WEP peke yake isinunuliwe hata kwa dola moja, kwani kufuli hilo hufunguliwa kwa dakika chache. Siku ya kwanza nywila mbili zibadilishwe: ya waifai, na ya kuingilia mipangilio, ambayo kiwandani mara nyingi ni neno admin linalojulikana na kila mtu. Kitufe cha WPS, kinachounganisha kifaa bila nywila, kizimwe. Kama ruta ina waifai ya wageni, majirani na wapangaji wapewe hiyo, ili simu na kompyuta za familia zibaki upande wao. Ruta iliyotumika irudishwe kwenye hali ya kiwandani kwanza, kwa kubonyeza kitundu chake cha nyuma kwa sindano sekunde kumi hivi, na programu yake ya ndani isasishwe kutoka kwa mtengenezaji.

Chumvi na joto

Ruta ya pwani hufa kwa kutu mara nyingi kuliko kwa uzee. Wakati wa kusi upepo hubeba mvuke wa chumvi mpaka ndani ya nyumba, na pini za shaba kwenye matundu hugeuka kijani. Ruta ya ndani isikae kwenye dirisha linaloelekea bahari moja kwa moja. Hatua mbili nyuma ya dirisha zinatosha. Matundu yasiyotumika yazibwe kwa utepe, na vumbi lipanguswe kwa kitambaa kikavu. Ruta ya nje iwe na alama ya kuzuia vumbi na maji ya IP65 au zaidi, waya uingie kwa chini ili maji yasiufuate, na viungo vya antena vizungushiwe utepe wa mpira usiopitisha maji. Mlingoti uunganishwe na ardhi kwa waya, na radi ikianza ruta ichomolewe. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali, ruta isifunikwe kitambaa wala kupangiwa vitu juu, kwa kuwa vitundu vyake ndivyo vinavyoitolea joto.

Kwa kila nyumba, ruta yake

Yote haya yakikusanywa, chaguo huwa jepesi. Nyumba ya Kismayo iliyoingiziwa waya na kampuni ibaki na kisanduku cha kampuni. Ikihitaji nyongeza, inunue ruta ya waya ya bendi mbili na kuiweka katikati ya nyumba. Nyumba ya mjini isiyo na waya ichukue ruta ya 4G ya daraja la nne, isiyofungwa, iliyojaribiwa kwa laini yake yenyewe. Nyumba ndogo ya kisiwani yenye mawimbi mazuri ianze na simu ya zamani, kisha ruta ya laini ya bendi moja inayolishwa na betri. Nyumba ya kisiwani iliyo mbali na mnara iweke fedha yake katika mlingoti na ruta ya nje kabla ya kufikiria kitu kingine. Mahali ambapo mnara hauonekani hata kwa mlingoti, setilaiti ya kuchangia ndiyo njia, na hesabu yake ianze kwenye paneli za sola.

Wabajuni, wenyeji wa visiwa hivi, walitawanywa na vita vya 1991, wengine wakafika Mombasa, wengine Ulaya, na jamaa waliobaki Koyama au Chula huwaona leo katika kioo cha simu. Kwa familia kama hizi fedha ya ruta hutoka katika samaki au katika hela iliyotumwa kutoka ng'ambo. Inastahili kununua kitu kitakachofanya kazi katika nyumba ile, kwa umeme ule, kwa mnara ule.